Anza na meza: matembezi ya kundi kutoka Hope hadi pabu ya Edale

Wengi wakipanga matembezi ya mashambani Uingereza huanza na ramani, au na picha ya kilima waliyoiona kwenye simu. Mimi huanza na meza. Tafuta kwanza pabu ya kijiji (baa ya Kiingereza inayouza pia chakula) mtakayomalizia, ujue jiko lake linafungwa saa ngapi, treni ya kurudi inapita saa ngapi, na siku hiyo jua linazama saa ngapi. Ukishayashika hayo matatu, hesabu kurudi nyuma mpaka asubuhi, na saa ya kuondoka utaipata bila ubishi.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuwatoa wenzake mjini kwa siku moja: majirani, watu wa kazini, wa msikitini au wa kanisani, wale Waswahili wa Sheffield na Manchester ambao siku hizi wanaonana kwenye harusi na misiba tu. Nitatumia njia moja halisi: kutoka stesheni ya Hope, kupanda mgongo wa vilima uitwao Great Ridge, na kuteremkia Edale. Yote yako ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951.

Kwa nini hii? Kwa sababu Hope na Edale ni stesheni mbili zinazofuatana kwenye reli moja, ile inayounganisha Sheffield na Manchester. Mnashukia moja, mnapandia nyingine. Hakuna gari la kurudia, hakuna dereva wa kunyimwa bia yake, na wa Sheffield na wa Manchester wanaweza kukutana katikati. Urefu wake ni kama kilomita 9, au kama 12 mkiongeza kilima cha Mam Tor. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaiweza, ila kuna mwinuko mmoja mrefu mwanzoni na mteremko mmoja mkali katikati. Asidanganywe mtu kwamba ni tambarare.

Kwanza: piga simu pabu

Edale ina pabu mbili. The Rambler Inn iko hatua chache kutoka stesheni. The Old Nags Head iko juu, mwisho wa kijiji, katika jengo linalohesabiwa kuwa la mwaka 1577, na karibu na mlango wake ndipo inapoanzia rasmi Pennine Way, njia ya miguu ya kama kilomita 430 hadi Kirk Yetholm, Scotland. Ni jambo la kuchekesha kidogo kukaa pale na uchovu wenu wa kilomita tisa huku mtu wa meza ya pili akifunga kamba za viatu kwa safari ya wiki tatu.

Piga simu wiki moja kabla, usiende kubahatisha na watu kumi na wawili. Uliza mambo haya: jiko linafanya kazi saa ngapi hadi saa ngapi, maana pabu nyingi za vijijini hupika mchana, hufunga jiko alasiri, kisha huwasha tena jioni, kama wanapokea oda ya kundi mapema, kama watoto wanaruhusiwa na mpaka saa ngapi, kama mabuti yenye tope yanaingia ndani au yanabaki nje. Jumapili meza hujaa watu waliokuja kula nyama ya kuoka na viazi, hivyo Jumamosi ni nafuu zaidi kwa kundi.

Kuna jambo jingine ambalo mwenyeji wa Kiingereza hatalifikiria mpaka umtajie: nani ndani ya kundi hagusi nguruwe, nani hali nyama isiyochinjwa kihalali, nani hakai mezani penye pombe. Usisubiri watu wafike ndipo waanze kunong'onezana. Nyama ya halali usiitegemee katika pabu ya kijijini. Chakula cha mboga kipo karibu kila mahali. Samaki na chipsi vinaonekana salama, lakini uliza mara mbili: unga wa kumvika samaki mara nyingi huchanganywa na bia, na mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa ya ng'ombe, au yale yale yaliyokaangia soseji. Wahudumu wameshazoea maswali ya aina hii na watakujibu bila kununa. Kwa asiyetaka kuingia kabisa, pabu nyingi zina mabenchi nje, na Edale kuna pa kunywea chai pia. Mweleze hayo tangu mwanzo, ili asije akajikuta amesimama barabarani wenzake wakiwa ndani.

Pili: hesabu muda, halafu uongeze

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vyetu ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 ni chini kidogo ya saa mbili. Kupanda, ukijumlisha vilima vyote vya mgongo huo bila Mam Tor, ni kama mita 360, yaani dakika 36. Jumla ni saa mbili na dakika ishirini na kitu.

Kanuni hiyo haikutungwa kwa watu wanaosimulia. Kundi la marafiki lina anayepiga picha, anayevua koti na kulivaa tena, anayetaka kumaliza hadithi kabla ya kuvuka geti. Mimi huongeza nusu ya muda, halafu saa nzima ya kula na kupumzika. Kwa hiyo hesabu saa nne na nusu kutoka stesheni hadi mezani. Mkishuka Hope saa nne na nusu asubuhi, mtakaa chini saa tisa alasiri. Kama jiko linafungwa saa nane na nusu, ama muondoke mapema, ama mle mikate yenu kilimani na chakula cha pabu kiwe cha jioni. Amua moja na uwaambie watu.

Misimu ni jambo la pili la kupigia hesabu. Mwezi Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, na haraka ya nini. Mwishoni mwa Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, na bondeni giza linatangulia. Wakati huo iacheni Mam Tor na mshuke treni saa tatu na nusu. Wanaoswali nao wajue kwamba mchana ule mfupi unasukumana: adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia ndani ya saa nne hivi. Panga kituo kirefu kimoja Hollins Cross, penye majani na nafasi. Mtu abebe mkeka mwepesi. Kibla kutoka huko ni kusini-mashariki, upande wa bonde la Castleton.

Tatu: tuma ujumbe mmoja ulio kamili

Ujumbe ukiwa nusu, utajibu maswali kwa siku tatu. Wangu huwa hivi:

"Jumamosi, Hope hadi Edale. Treni inafika Hope 10:30 asubuhi (saa nne na nusu). Treni haisubiri mtu. Kilomita 9, mlima mmoja mrefu, tope lipo. Viatu vyenye meno, koti la mvua, maji lita moja, chakula cha mchana kilimani. Tunafika pabu kama 15:00, mwisho wa kutuma oda ya chakula ni Alhamisi. Asiyekunywa pombe anakaribishwa kama anayekunywa. Mwenye goti, pumu, sukari au presha aniambie mimi peke yangu."

Andika saa kwa tarakimu za treni. Watu waliokulia Tanga na waliokulia Leicester hawasomi "saa nne" kwa namna moja, na ratiba ya reli inafuata tarakimu. Mstari wa mwisho nao usiuache. Mtu mzima hatatangaza ugonjwa wake mbele ya kundi, lakini akiulizwa pembeni atasema, na wewe utajua nani abebe kitu kitamu mfukoni na nani asiachwe mbali.

Kuhusu tikiti, kampuni nyingi za treni hupunguza theluthi moja ya nauli kwa kundi la watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano. Mkiwa kumi na mbili, jigaweni mafungu mawili.

Idadi yenyewe? Chini ya sita, wawili wakiumwa siku imekufa. Zaidi ya kumi na tano, linakuwa gwaride na pabu haitawaweka pamoja. Kumi na mbili panatosha.

Nne: mavazi

Jinzi mbaya. Ikilowa haikauki na inakuwa nzito kama gunia. Vaa suruali nyepesi, nguo mbili tatu za kupandana badala ya koti moja zito, na koti la mvua hata kama asubuhi ni nyeupe. Kule juu upepo hauna mti wa kuuzuia. Kiangazi raba zenye meno zinatosha; kuanzia Oktoba vaa mabuti. Usivae mabuti mapya siku hiyo, malengelenge yatakusimulia. Beba soksi za kubadilisha na mfuko wa plastiki wa kuwekea zile chafu: kuingia pabu na soksi kavu ni raha isiyo na bei.

Kiongozi abebe ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, namba OL1, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo huonyesha njia za miguu kwa vistari vya kijani. Simu nayo iwe na ramani iliyopakuliwa mapema, kwa kuwa mtandao mabondeni huja na kuondoka. Ongeza filimbi, tochi, plasta.

Tano: mgawanyo wa kazi stesheni

Kabla ya hatua ya kwanza, simameni duara. Kila mtu ataje jina lake hata kama unadhani wote wanajuana. Kisha wateue wawili: anayetangulia na anayefunga msafara. Anayetangulia anajua njia. Anayefunga msafara hampiti mtu yeyote, hata akiombwa. Kazi hii mpe mtu mwenye subira na masihara mengi, kwa sababu ndiye atakayetembea na mwenye pumzi fupi, na mwenye pumzi fupi anahitaji kuchekeshwa kuliko kuhimizwa.

Kanuni ni moja tu: kwenye kila geti na kila njia panda, mbele wanasubiri mpaka wa mwisho afike. Na hapa ndipo makundi mengi yanapokosea. Wa mwisho akifika, wale waliokwisha kupumzika dakika tano wanasema "haya, twende", na yeye anaondoka bila kupumzika. Hilo likirudiwa mara nne, hamtamwona tena matembezini. Wa mwisho akifika, ndipo dakika za mapumziko zinaanza kuhesabiwa.

Sita: njia yenyewe

Kutoka stesheni mnashika barabara kuu, mnaingia kijiji cha Hope, kisha njia ya miguu inaanza kupanda mashambani kuelekea Lose Hill, mita 476. Fuateni mishale ya njano, ambayo ni ya waenda kwa miguu. Ya bluu ni ya njia ambazo farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa.

Mara ya kwanza wageni wengi wanasita: njia inapita katikati ya shamba la mtu, kondoo wanawatazama, nyumba ya mkulima ile pale. Hakuna haja ya kubisha hodi. Njia ya miguu iliyoandikwa kwenye ramani ni haki ya kisheria ya kila mpita njia, mwenyeji au mgeni, mwenye pasipoti yoyote. Haki ya kutanga hata nje ya njia, kwenye milima ya wazi, ilipiganiwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi, wakiongozwa na Benny Rothman, walipanda kwa makusudi Kinder Scout, mlima mtakaouona ng'ambo ya bonde la Edale siku nzima, wakati huo ukiwa umefungwa kwa ajili ya mabwana wawinda ndege. Watano walifungwa jela. Sheria ya kufungua milima kama hiyo kwa kila mtu England na Wales ilikuja mwaka 2000. Hadithi hii isimulie mkiwa mnapumua Lose Hill, mlima ukiwa mbele ya macho. Inaingia vizuri zaidi kuliko kwenye treni.

Adabu za shambani ni chache. Geti mliache mlivyolikuta: lililofungwa lifungwe, lililowazi libaki wazi. Mbwa afungwe kamba penye mifugo. Taka zote zirudi mfukoni, ganda la ndizi likiwemo. Na ng'ombe wenye ndama wapisheni kwa mbali, zungukeni hata kama mtakanyaga tope. Sisi tuliokua tukichunga tunajiamini sana mbele ya ng'ombe, lakini hawa hawatujui, na ng'ombe mzazi huwa mkali zaidi akiona mbwa. Akiwajia, mwachieni mbwa akimbie na nyinyi mwondoke.

Kutoka Lose Hill njia inafuata mgongo kuelekea magharibi. Upande mmoja bonde la Hope na kiwanda cha saruji, ambacho watu hukilalamikia kwenye picha zao. Upande mwingine bonde la Edale lenye reli nyembamba chini. Mbele kidogo ni Back Tor. Kilele chake kinapendeza, lakini kuteremka upande wa pili ni mawe na udongo unaoteleza mvua ikinyesha. Hapa anayetangulia ashuke kwanza, asimame chini, na watu washuke mmoja mmoja bila maongezi. Ni dakika chache tu za ukimya katika siku nzima.

Kisha mnafika Hollins Cross, sehemu ya chini kabisa ya mgongo huo, ambapo njia kutoka Castleton inakatiza kwenda Edale. Zamani, Edale ilipokuwa haina kanisa lake, maiti walibebwa juu ya mabega kupitia hapa kwenda kuzikwa ng'ambo ya mgongo huu. Baadaye wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Edale walikuwa wakiivuka kwenda kazini na kurudi. Kaeni hapa mle. Kama saa inaruhusu na hakuna ukungu, wenye nguvu waende Mam Tor, mita 517, na kurudi. Ule mlima unaporomoka taratibu tangu zama za kale, na barabara iliyopita chini yake ilifungwa kabisa mwaka 1979 baada ya kukatikakatika. Waliochoka wabaki na termosi, pamoja na mtu mmoja anayejua njia.

Mteremko wa kwenda Edale ni wa upole. Mwisho mnaingia barabarani penye sehemu zisizo na kando ya miguu: tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine.

Mtu akiumia vibaya, pigeni 999 au 112, ombeni polisi, kisha mseme mnahitaji waokoaji wa milimani. Hawa ni watu wa kujitolea na hawatoi bili. Simu isiposhika, pigeni filimbi mara sita ndani ya dakika moja, mpumzike dakika moja, mrudie.

Neno moja kuhusu mazungumzo. Watu wawili wakiondoka stesheni pamoja, watafika pabu pamoja wakiwa wamezungumza wao tu. Kwenye kila geti badilisha mpangilio kwa ujanja: muulize mmoja njia, mpe mwingine begi, mwite wa tatu umwonyeshe kitu. Kutembea bega kwa bega kunalegeza ulimi kuliko kukaa uso kwa uso, na nimeona watu waliokuwa hawaamkiani wakimaliza suala lao kati ya Back Tor na Hollins Cross bila msuluhishi.

Saba: ndani ya pabu

Mabuti yafuteni nje, au yavueni wakitaka. Kisha msikae mkisubiri mhudumu. Kwa kawaida unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza na kulipa pale pale, na kwa chakula unataja namba ya meza yenu, hivyo isome kabla ya kuinuka. Kaunta haina foleni inayoonekana lakini kila mtu anajua nani alimtangulia. Ukiulizwa kabla ya zamu yako, mwoneshe aliyekutangulia. Utapendwa na pabu nzima. Kupunga noti au kupiga mluzi ni utovu wa adabu.

Painti moja ni mililita 568, si glasi ya mzaha kwa mtu ambaye hajala. Nusu painti ipo na haimshushii mtu hadhi.

Raundi, yaani zamu za mmoja kuwanunulia wote vinywaji, ndizo zinazoharibu urafiki. Watu kumi na wawili kwenye raundi moja maana yake ama mnakunywa painti kumi na mbili kila mmoja, ama wengine wanakunywa bure. Jigaweni watatu watatu, au kila mtu alipie chake. Anayekunywa chai asiingizwe kwenye raundi ya bia kwa haya. Chakula kila mtu alipie aliyoagiza, na kiongozi asilipie kundi akitarajia kuchangiwa baadaye: nyumbani tunajuana.

Nane: kurudi

Mtu mmoja asiyekunywa awe mlinzi wa saa. Treni hapa huwa chache, mara nyingi moja kwa saa kila upande, na jioni zinapungua, kwa hiyo ratiba ya kurudi isomwe asubuhi mkiwa bado na mtandao. Kutoka Old Nags Head hadi stesheni ni mwendo wa robo saa kuteremka. Kutoka Rambler ni dakika tano. Tangazeni "glasi za mwisho" dakika arobaini kabla. Hakikisheni pia kila mtu anajua upande wake wa reli, wa Manchester na wa Sheffield, maana watu hukumbatiana kuagana wakakosa treni zote mbili.

Usiku huo, hasa kuanzia masika hadi vuli, kila mtu akague miguu, nyuma ya magoti na kiunoni kama ana kupe. Akimwona, amtoe kwa kibano chembamba akimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha. Akiona duara jekundu linapanuka siku zinazofuata, amwone daktari, amwambie alitembea wapi.